Tovuti Ifunguke kwa Simu ya Mwananchi: Kazi ya Msanifu wa Tovuti na Jinsi ya Kuiingia

Chukua mfano wa mzazi aliye kijijini. Fomu ya basari imewekwa kwenye tovuti, na mwisho wa kutuma maombi ni saa sita usiku wa leo. Simu yake ni ya bei nafuu, kioo kimepasuka pembeni, na amebakiwa na bando la megabaiti 50. Anafungua ukurasa. Picha kubwa ya jengo inaanza kushuka polepole, kisha ya pili, kisha ya tatu. Fomu yenyewe iko chini kabisa. Anapoifikia na kuijaza, inakataa nambari yake ya simu kwa sababu inaanza na 01 badala ya 07. Anaazima nambari ya jirani. Sasa kitufe cha kutuma hakionekani, kimeangukia nje ya kioo. Anapokitafuta, bando linakwisha. Orodha ya waliopata basari inapotoka, jina la mtoto wake halimo.

Hakuna aliyemnyima mzazi huyo basari kwa makusudi. Aliyetengeneza tovuti aliitazama kwenye kompyuta kubwa, mahali penye intaneti ya kasi, akaiona inapendeza, akaikabidhi. Aliyeipokea naye aliitazama kwenye kompyuta ya ofisini, akaridhika. Aliyeachwa nje ni yule ambaye tovuti ilikusudiwa kumhudumia.

Makala hii inaeleza kazi ya kusanifu na kutengeneza tovuti. Imeandikiwa kijana anayefikiria kuisomea, mzazi anayeombwa karo ya kozi hiyo, na mwenye biashara, chama au shule anayetaka kutengenezewa tovuti. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kazi ya fundi huyu hupimwa kwenye simu ya msomaji, si kwenye kompyuta ya fundi. Anayelielewa hilo amekwisha kuanza kazi.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Tovuti ina pande mbili, kama duka. Upande wa nyuma ni stoo. Huko huhifadhiwa rekodi, majina na malipo, na mwananchi hapaoni. Upande wa mbele ni pale mteja anaposimama: maandishi anayosoma, fomu anayojaza na vitufe anavyobofya. Makala hii inahusu upande wa mbele.

Upande huo una kazi mbili. Ya kwanza ni usanifu: kuamua nini kitangulie na nini kifuate, maandishi yawe makubwa kiasi gani, rangi zipi zitumike, na msomaji apitie hatua ngapi kabla ya kumaliza shida yake. Ya pili ni kuandika msimbo unaogeuza mchoro wa msanifu kuwa ukurasa unaofanya kazi. Katika kampuni kubwa kazi hizi hugawiwa watu wawili au zaidi. Katika miji yetu mingi, mtu mmoja huzifanya zote, na huyo huyo huzungumza na mteja, hupiga picha, husahihisha maandishi na kufuatilia malipo yake.

Fundi huyu hutumia lugha tatu za kompyuta. Tuzitazame kupitia ile fomu ya basari.

HTML hueleza kila kitu ni nini: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa ndipo pa kuandika nambari ya kitambulisho, hiki ni kitufe cha kutuma. CSS hueleza kila kitu kionekaneje: ukubwa wa herufi, rangi, nafasi kati ya mistari, na jinsi ukurasa unavyojipanga upya ukifunguliwa kwenye simu. JavaScript hueleza nini kitokee msomaji anapofanya jambo: akikosea tarakimu ya kitambulisho aelezwe papo hapo, akichagua kaunti ndogo aletewe orodha ya wadi zake.

Lugha hizi hazina mwenyewe wa kulipwa ada. Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo wa wavuti mwaka 1989 akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, na mwaka 1993 kituo hicho kikauachia ulimwengu utumie bure. JavaScript ilianza mwaka 1995, na toleo la kwanza la CSS likaidhinishwa mwaka 1996. Ndiyo maana leo kijana wa wadi yoyote anaweza kuandika ukurasa bila kununua leseni. Anachohitaji ni kompyuta yenye kivinjari na programu ya kuandikia, ambayo nayo hupatikana bure.

UZITO WA UKURASA NI PESA YA MTU

Wengi wetu huingia kwenye intaneti kwa simu, na kwa bando tulilonunua kwa shilingi zetu. Kila ukurasa una uzito wake, na uzito huo hulipwa na anayeufungua.

Tufanye hesabu ya mfano. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kuwa na megabaiti 4. Fundi akiweka picha sita za namna hiyo kwenye ukurasa mmoja bila kuzipunguza, ukurasa una megabaiti 24. Mwenye bando la megabaiti 50 ataufungua mara mbili tu, kisha bando limekwisha. Picha hizo hizo zikipunguzwa upana hadi pikseli 800 na kuhifadhiwa vizuri, kila moja inaweza kushuka hadi kilobaiti 100 hivi. Zote sita hazifiki megabaiti moja. Kwenye kioo cha simu, msomaji hataona tofauti yoyote ya maana, lakini bando lile lile litamfikisha mbali sana.

Kazi hiyo ya kupunguza picha huchukua dakika chache. Haihitaji kipaji wala mashine ya bei ghali. Ni kukumbuka tu.

Ni vivyo hivyo kwa mpangilio. Mwaka 2010 msanifu wa Marekani, Ethan Marcotte, alieleza njia ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga wenyewe kulingana na upana wa kioo, badala ya kutengeneza tovuti mbili, ya kompyuta na ya simu. Leo njia hiyo ndiyo ya kawaida. Fundi mzuri huanza na kioo kidogo: hupanga ukurasa wa simu kwanza, kisha huupanua kwa ajili ya kompyuta. Anayeanza na kompyuta mara nyingi huishia kubana vitu vingi mahali padogo, na ndipo kitufe cha kutuma kinapopotelea nje ya kioo.

FOMU: MAHALI MWANANCHI ANAPOKWAMA

Habari ikiwa mbaya, msomaji hukunja uso akaondoka. Fomu ikiwa mbaya, mtu hukosa huduma. Kwa hiyo fundi wa upande wa mbele hutumia muda mwingi kwenye fomu kuliko watu wanavyodhani. Haya ni mambo manne ambayo fomu nyingi hukosea.

Nambari ya simu. Nambari zinazoanza na 01 zimekuwa zikitumika nchini tangu 2019, lakini bado zipo fomu zinazokubali 07 pekee. Wengine huandika nambari zao kwa kuanza na +254, wengine huacha nafasi katikati. Ni kazi ya msimbo kuzipokea zote na kuzipanga. Si kazi ya mwananchi kubahatisha fundi alitaka iandikwe vipi.

Majina. Fomu isiyokubali ritifaa inamkataa Ng'ang'a, Ng'eno na Nyong'o, na haiwezi hata kuandika jina la Kaunti ya Murang'a. Fomu inayolazimisha majina matatu inamfungia nje mwenye majina mawili kwenye kitambulisho chake. Fundi aliyekulia hapa hahitaji kuambiwa hili, ila hulisahau akinakili msimbo ulioandikiwa nchi nyingine.

Baobonye. Mahali pa kuandika nambari ya simu au ya kitambulisho, simu ifungue tarakimu moja kwa moja. Fundi huandika neno moja tu kwenye HTML na jambo hilo likafanyika. Bila neno hilo, mzee mwenye vidole vinene anaanza kuhangaika kutafuta tarakimu kwenye herufi ndogo.

Ujumbe wa kosa. "Hitilafu 422" haimsaidii mtu. "Nambari ya kitambulisho imepungua tarakimu moja" inamsaidia. Na fomu ikirudi na kosa, irudi na yote aliyokwisha kuandika. Hakuna linalochosha kama kujaza upya maswali ishirini kwa sababu ya kosa moja, au kwa sababu mtandao ulikatika kwa dakika mbili.

ASIYEONA NAYE NI MSOMAJI

Mwananchi asiyeona hutumia simu kwa kusomewa. Simu za Android zina kisoma skrini kiitwacho TalkBack, na kwenye kompyuta kuna NVDA, programu inayotolewa bure. Programu hizi husoma kile fundi alichoandika kwenye HTML. Kama kitufe kimeandikwa kuwa kitufe, kisoma skrini kitasema, "Tuma, kitufe." Kama fundi amechora tu kisanduku cha rangi kinachofanana na kitufe, asiyeona hatajua kama kipo. Picha nayo inahitaji maelezo mafupi ya maandishi. Tangazo la kazi lililobandikwa kama picha bila maelezo ni ukurasa mtupu kwake.

Lugha pia ina alama yake. Juu ya kila ukurasa fundi huandika lugha iliyotumika, na alama ya Kiswahili ni sw. Watengenezaji wengi huacha en, alama ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo waliyoikuta. Matokeo yake, kisoma skrini husoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji haelewi chochote. Ni herufi mbili tu.

Rangi nazo zina kipimo. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka mwaka 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu chepesi juu ya nyeupe huonekana cha kisasa ofisini, lakini mama aliye sokoni juani hataona kitu. Mwongozo huo huo unataka sehemu ya kubofya isiwe ndogo kuliko pikseli 24 kwa 24, au iwe na nafasi ya kutosha kuizunguka, ili mtu asibofye "Futa" akidhani amebofya "Hifadhi".

Mambo haya si hisani. Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza jinsi ya kuitekeleza. Kifungu cha 54 kinalinda haki za watu wenye ulemavu, ikiwemo kutumia njia za mawasiliano zinazowafaa. Kifungu cha 7 kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Habari iliyowekwa mahali ambapo mwananchi hawezi kuifungua, kuiona au kuielewa haijamfikia.

Kuna na sheria nyingine inayomhusu fundi moja kwa moja: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Fomu isiulize jambo lisilohitajika. Kama tovuti ya kikundi inauza asali, haina haja ya nambari ya kitambulisho cha mnunuzi. Na kama data ya watu inakusanywa, waelezwe ni ya nini, na ukurasa uwe na ulinzi ule unaoonyeshwa kwa anwani inayoanza na https.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Anza na HTML, kisha CSS, kisha JavaScript, kwa mpangilio huo. Vijana wengi huruka hatua. Husikia jina la React au la chombo kingine kinachotajwa sana kwenye matangazo ya kazi, wakakimbilia huko kabla ya kujua kuandika fomu. Vyombo hivyo vimejengwa juu ya lugha zile tatu. Asiyezijua hukwama siku ya kwanza jambo likiharibika, na katika kazi hii mambo huharibika kila siku.

Mafunzo ya bure yapo na ni ya kiwango kizuri. freeCodeCamp hufundisha hatua kwa hatua bila malipo, na MDN ni kama kamusi ambayo hata mafundi wa miaka mingi huifungua kila siku. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo kujifunza na mwenzako kunasaidia. Mpango wa Ajira Digital wa serikali ya kitaifa nao hutoa mafunzo kwa vijana wanaotaka kazi za mtandaoni. Vyuo vya ufundi vina kozi za TEHAMA. Vyuo vya ufundi vya vijijini na maktaba za umma ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba imezipa serikali za kaunti, kwa hivyo uliza kwenye ofisi ya msimamizi wa wadi yako ni kozi gani zinatolewa karibu, na ni wapi unaweza kupata kompyuta ya kutumia.

Unaweza kuanza kusoma kwa simu, lakini huwezi kuifanya kazi hii vizuri bila kompyuta. Laptopu iliyokwisha kutumika inatosha. Ukikosa, tafuteni watu wawili au watatu mchangiane. Unaweza kuandika na kujaribu kurasa bila intaneti kabisa, kisha ukaunganisha mara moja kwa wiki kupakua masomo.

Mzazi anayeombwa karo aulize maswali haya kabla ya kulipa. Chuo kimesajiliwa? Mwanafunzi atatoka na kazi gani alizotengeneza mwenyewe, au atatoka na cheti tu? Waliomaliza mwaka jana wametengeneza nini, na je, kinafunguka kwenye simu yako? Anayekuahidi kwamba mtoto ataanza kupokea mshahara mkubwa baada ya wiki mbili anauza ndoto. Mwanafunzi mwenye bidii huhitaji miezi mingi ya mazoezi ya kila siku kabla ya kutengeneza kitu cha kulipiwa.

Mazoezi yenyewe yawe ya kweli. Usitengeneze nakala ya tovuti ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Tengeneza ukurasa wa karakana ya jua kali iliyo karibu nawe: bidhaa, bei, nambari ya simu, ramani ya kufika. Tengeneza ratiba ya zahanati, au ukurasa wa chama unaoonyesha siku za mikutano. Kisha mpe mwenye shughuli simu yake mwenyewe aufungue, ukae kimya umtazame. Usimwonyeshe pa kubofya. Pale anaposita ndipo penye somo lako.

KUPATA KAZI NA KULIPWA

Mafundi wa tovuti hupata riziki kwa njia tatu kuu. Wapo walioajiriwa na kampuni, mashirika au ofisi za umma. Wapo wanaofanya kazi za mtandaoni kwa wateja walio mbali. Na wapo wanaojitegemea wakihudumia maduka, hoteli, shule, makanisa, misikiti na vyama vya ushirika vya eneo lao. Wengi huanza na hii ya tatu.

Kosa la kawaida la anayeanza ni kutaja bei kabla ya kujua kazi. Mteja akisema, "Kijana, unanitengenezea tovuti kwa pesa ngapi?" jibu lako liwe maswali. Tovuti ni ya kazi gani? Ina kurasa ngapi? Maandishi na picha zipo au utatafuta wewe? Nani ataiendesha baadaye? Ukishapata majibu, hesabu siku. Tuseme kazi itachukua siku 10 na umejipangia shilingi 3,000 kwa siku: hiyo ni 30,000. Ongeza gharama ya anwani na ya nafasi kwenye seva, ongeza siku mbili za masahihisho, kisha ndipo utaje bei. Hizi ni tarakimu za mfano tu. Zako zitategemea ujuzi wako na soko lako.

Andikeni makubaliano, hata kama ni ukurasa mmoja. Yataje kazi itakayofanywa, tarehe ya kumaliza, idadi ya masahihisho, na malipo kwa awamu: sehemu kabla ya kuanza, sehemu mteja akionyeshwa, na iliyobaki wakati wa kukabidhi. Mteja kuwa mjomba au mwalimu wako wa zamani si sababu ya kuacha kuandika. Hasa huyo, andikianeni, ili udugu usije ukaharibika kwa sababu ya kazi.

Anayetaka zabuni za serikali awe na PIN ya KRA na jina la biashara lililosajiliwa, jambo linalofanyika kupitia eCitizen. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wajiandikishe pia kwenye mpango wa AGPO, unaowatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali. Jiandae kutoa ankara kupitia eTIMS. Na usianze kazi ya ofisi yoyote ya umma kwa neno la mdomo. Subiri LSO, yaani agizo la huduma lililotiwa sahihi. Bila karatasi hiyo, hata mkuu wa idara aliyekupenda hawezi kukulipa.

KWA ANAYETENGENEZEWA TOVUTI

Shule, vyama na biashara nyingi hutengenezewa tovuti, kisha baada ya mwaka mmoja tovuti inazimika na fundi hapatikani. Hapo ndipo inapogunduliwa kwamba anwani ya tovuti iliandikishwa kwa jina na barua pepe ya fundi.

Anwani ya tovuti ni mali, kama kiwanja. Nchini Kenya anwani zinazoishia na .ke husimamiwa na KeNIC, na huuzwa kupitia mawakala wake. Biashara hutumia .co.ke, mashirika .or.ke, shule .sc.ke, na .go.ke ni ya serikali pekee. Hulipiwa upya kila kipindi kinapokwisha. Hakikisha imeandikishwa kwa jina la shule au chama, kwa barua pepe ambayo zaidi ya ofisa mmoja anaweza kuifungua. Weka tarehe ya kulipia kwenye kitabu cha kumbukumbu za mkutano.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huchukulia kazi iliyoagizwa na kulipiwa kuwa ya aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikubaliane vingine. Hata hivyo, haki ya kisheria bila nenosiri haifungui mlango. Siku ya kukabidhiwa, pokea majina yote ya kuingilia na manenosiri, nakala ya tovuti nzima, na saa moja ya kufundishwa namna ya kubadilisha maandishi. Kisha badilisha manenosiri. Fundi mwaminifu hatachukizwa. Atakuwa amekwisha kukuandalia orodha hiyo.

JE, AKILI MNEMBA ITAIMALIZA KAZI HII?

Swali hili huulizwa na wazazi wengi, na ni la haki. Programu za akili mnemba sasa zinaweza kuandika ukurasa mzima kwa dakika chache. Fundi ambaye kazi yake yote ilikuwa kunakili kurasa zinazofanana ana sababu ya kuwa na wasiwasi.

Lakini rudi kwa mzazi wa basari. Ukurasa uliomkwamisha haukukosa msimbo. Ulikosa mtu wa kukumbuka bando la megabaiti 50, nambari ya 01, jina lenye ritifaa na kioo kilichopasuka. Programu itakuandikia fomu ukiiomba. Haitakwenda sokoni kumtazama mama akiijaza, wala haitajua kwamba katika wadi yako watu wengi hushirikiana simu moja nyumbani, kwa hiyo fomu isikatae nambari iliyokwisha kutumika. Haitaulizwa tovuti ikikwama, utaulizwa wewe. Tumia vyombo hivyo kuharakisha kazi, lakini kagua kila mstari kama wako.

JARIBIO LA WIKI HII

Ikiwa una tovuti, au unatengeneza moja, fanya jaribio hili kabla ya kufikia toleo lijalo la jarida hili. Chukua simu ya bei nafuu kuliko zote nyumbani. Zima wifi, tumia bando la kawaida, na utoke nje juani. Mpe mtu ambaye hajawahi kuiona tovuti hiyo, umpe jambo moja la kutafuta: bei, tarehe, au fomu. Hesabu muda anaochukua. Tazama bando limepungua kiasi gani. Kisha washa TalkBack, ufumbe macho, ujaribu mwenyewe kuifikia fomu hiyo.

Utakayoyaona yaandike. Hiyo ndiyo orodha ya kazi yako ya wiki ijayo. Na kama mtu huyo alifika alikokuwa akienda bila kukuuliza neno, basi kuna mzazi mahali fulani ambaye ataweza kutuma fomu yake saa sita usiku haijafika.